Jiwe la Kioo, Jiwe la Maziwa

Jumamosi, 30 Aprili 1955

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Mimi hula samaki. Ninawala tangu mwaka jana na ninawapenda. Kichwa ndicho kitamu zaidi.

Kwa Kiembu nisingeweza kuliandika. Kwetu samaki ni nduguye nyoka. Mama akiona gamba la samaki kwenye gauni langu ananiambia nivue nguo nje kabla sijaingia. Kwa Kiswahili inawezekana. Kiswahili nilikipata kwa Mzee Athmani, mpishi, na kula samaki nilijifunza kwake pia.

Leo nimesafisha samaki kama kila Jumamosi. Ndiyo karo yangu. Bwana Samaki, Mzungu mwenye mabwawa chini ya shule, anaongea na mwalimu mkuu mwisho wa muhula na mimi ninabaki darasani. Anafuga trauti, samaki wa maji baridi. Wengine anawatoa bwawani, wengine anawavua mtoni Rupingazi, juu kule msituni, akilindwa na askari wenye bunduki. Sisi hatuendi huko. Tangu Hali ya Hatari ianze, Mwafrika akionekana msituni bila ruhusa anapigwa risasi.

Zamani mimi na Mzee Athmani tulikuwa tunakula vichwa pamoja jikoni kwa Bwana Samaki, baada ya Bwana kumaliza chakula. Sasa ni Ramadhani. Hali, hanywi, hata mchuzi hauonji, anaunusa tu. Nikaona haya kutafuna mbele yake. Leo ameniwekea vichwa kwenye jani la mgomba.

"Peleka nyumbani, mjukuu wangu. Kula huko. Ukila hapa unanitesa."

Nyumbani. Hajui anachosema. Lakini nilivibeba.


Jumanne, 3 Mei

Nimejaribu kuuliza darasani. Nilijiandaa tangu Jumapili. Nikasimama, nikasema polepole mno, mwalimu akaniambia nirudie. Nikarudia: kwa nini samaki ana mawe ndani ya kichwa?

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema mawe hayamo kwenye mtihani, na msichana mwenye akili angeuliza kuhusu hesabu zake. Kendi, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza kwamba mawe yako kichwani mwangu.

Nilikaa. Masikio yalikuwa moto. Lakini mawe yamo. Wacheke wapendavyo, yamo.

Niliyajua kwa jino. Mwaka jana nilikuwa nikitafuna kichwa, nikauma kitu kigumu, nikafikiri ni changarawe. Sasa ninajua mahali pake. Nyuma ya ubongo, kila upande moja, pale sikio lilipo, kwani samaki ana sikio ingawa halionekani kwa nje. Ninapasua fuvu kwa ncha ya kisu na kuyatoa kwa mwiba. Nimeyaweka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.


Jumamosi, 7 Mei

Leo nimepata jambo. Nimelipata mwenyewe, halimo kwenye kitabu chochote cha shule.

Nilimwaga kopo lote kwenye sahani nyeusi ya jikoni. Mzee Athmani alikuwa amelala kwenye mkeka wake, mfungo unamchosha. Nikaona mawe ni ya namna mbili.

Ya kwanza ni meupe kama maziwa. Membamba, yamepinda kidogo kama ukucha uliokatwa. Mbele yana mdomo uliochongoka, na ukingoni yana meno madogo yaliyopangika vizuri.

Ya pili unaona mwanga ndani yake, kama kioo. Hayana mdomo. Ukingo umevimba huku na kubonyea kule, kama punje ya chumvi iliyoanza kuyeyuka.

Kwanza nilidhani ni dume na jike. Si hivyo, nilitazama matumbo. Nikadhani ni wakubwa na wadogo. Si hivyo. Basi leo nikatenga: wa bwawani upande huu, wa mtoni upande ule, ndoo zao huja mbali mbali. Wa mtoni wote, maziwa. Wa bwawani, wengi wao kioo.

Wengi, si wote. Hilo linaniudhi. Kuna wa bwawani mwenye maziwa pande zote mbili. Kuna mmoja mwenye kioo kushoto na maziwa kulia, kama mtu mwenye macho ya rangi mbili. Kwa hiyo jiwe la maziwa halinielezi kitu, samaki wake anaweza kutoka popote. Lakini jiwe la kioo sijaliona kwa samaki wa mtoni hata mara moja. Nimeandika "sijaliona." Sikuandika "halipo." Kuna tofauti.

Ni samaki wale wale. Bwana aliwaleta mababu zao kwenye debe moja. Maji na chakula ndivyo vimewabadilisha mpaka ndani ya sikio. Ninalifikiria hili hata wakati wa kufukia handaki. Nilikosea, kuchimba handaki, lile la kuzunguka kijiji tunalolazimishwa na serikali. Nimechoka.


Jumamosi, 14 Mei

Mzee Athmani ameondoka. Nduguye ana lori la kubeba mahindi, wamepita Nkubu kwenda Meru mjini, atasherehekea Idi na watu wake. Kabla ya kwenda aliniachia vichwa vitatu.

Nilifika nyumbani hakuna mtu. Mama na wanawake wengine wako kwenye kazi ya lazima, wanazidisha kina cha handaki la kijiji. Njeru, kaka yangu, yuko na kundi la kukata mianzi ukingoni mwa msitu. Ana pasi ya kazi hiyo. Nikapuliza moto, nikaweka vichwa juu ya makaa.

Nikasikia sauti ya Mama njiani. Mvua ilikuwa imewarudisha mapema.

Sikufikiri. Nilivifukia nyuma ya nyumba, karibu na migomba, vikiwa vimeiva nusu, na jani lake. Nikamwaga majivu juu. Mama akaingia, akanusa, akasema kuna kitu kimekufa. Nikasema labda panya.

Nitavifukua Jumatatu nikitoka shule, kesho Mama yuko nyumbani. Si kwa kula tena. Nataka mawe.


Jumatatu, 16 Mei

Wamemchukua Njeru.

Mbwa wa homugadi, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, ndiye aliyefukua. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kama wanavyofanya, wanachoma udongo kwa vyuma virefu. Nilipofika kutoka shule watu walikuwa wamejaa. Hedimani, mkuu wa kijiji, alikuwa ameshika jani langu la mgomba kwa vidole viwili na kulipeleka mbali na pua.

Chakula kilichofukiwa ardhini. Kila mtu kijijini anajua maana yake. Watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, huwekewa chakula hivyo, huja kukichukua giza likiingia. Hedimani akauliza kwa sauti, nani hapa hula samaki? Watu wakatema mate. Hakuna. Basi samaki huyu ni wa nani? Wa wale waliomo msituni, njaa imewafundisha kula kila kitu. Na trauti wanapatikana wapi? Mtoni, msituni. Na nani wa nyumba hii hufika huko?

Ilikuwa rahisi hivyo. Njeru alikuwa bado ameshika panga la kukatia mianzi. Walimfunga mikono.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mdomo wangu haukufunguka. Niandike hivyo hivyo: haukufunguka.

Lori la kupeleka watu kambini, kizuizini, linakuja Ijumaa. Aliyekwenda na lori lile mwaka jana hatujamwona hadi leo.


Jumanne, 17 Mei

Sikwenda shule. Nilikwenda kituo cha homugadi. Hedimani alikuwa anakula githeri. Nikamwambia vile vichwa ni vyangu. Nilivifukia mimi. Nilitaka kuvila.

Alitafuna mpaka akamaliza, ndipo akaniita kwa jina la Mama.

"Mtoto wa Ciarunji, usinichekeshe nikila. Ungesema ulitaka kula panya ningekuamini."

"Ninakula samaki, Hedimani. Mpishi wa Bwana Samaki hunipa."

"Yuko wapi mpishi?"

"Meru."

Homugadi wakacheka. Mmoja akasema msichana wa shule anajua kutunga, ndiyo maana ya shule. Hedimani akanawa mikono. Aliniambia anapenda ninavyompenda kaka yangu, lakini nisirudi tena na uongo mchafu, nitamfanya mama yangu atengwe.

Kwa hiyo wangependa Njeru awe gaidi kuliko mimi niwe mla samaki. Nimelifikiria njia nzima na bado ninaona ni upumbavu. Siogopi kuliandika. Ni upumbavu.

Ameweka vile vichwa kwenye kopo tupu la mafuta ya taa, juu ya rafu, vimsubiri D.O., ofisa wa Kizungu wa wilaya. Vizima. Havijapasuliwa.

Havijapasuliwa.


Jumatano, 18 Mei

Nilimngoja Bwana Samaki kwenye mlango wa jikoni. Nilimweleza yote. Alisikiliza, uso ukawa mwekundu.

"Mimi nasema vichwa yote pa mbwa. Nani nasema pa toto?"

Nikasema adhabu yangu nitaipokea, lakini kwanza atazame hili. Nikamwaga kopo langu kwenye sahani nyeusi. Akaleta kioo cha kukuzia. Akatazama muda mrefu. 

Hakuniamini, lakini hakunifukuza pia. Asubuhi ile alikuwa ametoka mtoni. Akaniamuru nigeuke ukutani. Nikasikia akichanganya vichwa vya ndoo mbili mezani. Akaniambia sasa, sema kila kimoja kimetoka wapi.

Nilipasua taratibu. Hiki kina kioo, bwawani. Hiki pia. Hiki ni maziwa pande zote mbili.

"Sijui, Bwana."

"Sema tu. Mtoni au bwawani?"

"Jiwe la maziwa hutoka kote kote. Sijui."

"Bahatisha."

"Sibahatishi, Bwana. Kaka yangu hawezi kufunguliwa kwa kubahatisha."

Sijawahi kumkatalia Mzungu neno. Neno lilikuwa limeshatoka na sikulirudisha. Vyote nilivyosema ni vya bwawani vilikuwa vya bwawani. Vile nilivyokataa kusema, viwili vilikuwa vya bwawani na vilivyobaki vya mtoni. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Aliuliza nani amenifundisha. Nikasema hakuna. Akasema Ijumaa atakuja kituoni.

Usiku huu ninajua kitu kibaya. Vile vichwa vitatu vya kwenye kopo vinaweza kuwa vya maziwa vyote. Inawezekana kabisa. Basi nitakuwa sina kitu mkononi. Nitasema hivyo pia.


Ijumaa, 20 Mei

Niandike kabla sijalala, kwa utaratibu.

Lori lilikuwa limeshafika. Njeru alikuwa ameketi chini na wanaume wengine, mikono juu ya kichwa, jicho moja limevimba. Wanawake walizuiwa nje ya uzio wa miti. Mama alikuwa mbele yao. Aliponiona ninaingia akaita jina langu, Wawira, mara moja tu, kwa sauti ya kunirudisha. Sikurudi.

D.O. ni kijana, pua imebabuka kwa jua. Hedimani akaleta kopo. Lilipofunguliwa D.O. akahamisha kiti chake upande wa upepo. Bwana Samaki akasema naye kwa Kiingereza, na D.O. akaniambia niendelee kama mtu anayesubiri chai.

Nikasema kabla ya kugusa kitu. Kama nikipata jiwe la kioo, samaki huyu ni wa bwawani, hakutoka msituni. Kama yote ni ya maziwa, sitakuwa na la kusema, na sitajifanya ninalo. Nilisema kwa Kiswahili na nilisema kwa sauti. Sijui ilitoka wapi sauti hiyo.

Kichwa cha kwanza. Nyama imeoza, inateleza. Jiwe la kushoto, maziwa. La kulia, maziwa.

Hedimani akasema, "Mnaona? Wa msituni."

"Bado viwili," nikasema.

Kichwa cha pili. Kushoto, maziwa. Nilisikia mtu ananong'ona sala nje ya uzio. Kulia nilichokonoa kwa mwiba, halikutoka, nikachokonoa tena. Likaanguka kiganjani. Nikalifuta kwa mate. Mwanga ukapita ndani yake.

Kichwa cha tatu, kioo na kioo. Yamevimba, hayana mdomo. Mabaya kabisa. Sijapata kuona mawe mazuri kama yale.

Bwana Samaki aliyatazama kwa kioo chake cha kukuzia, akampa D.O. atazame naye. Nilielewa Kiingereza chake. Alisema samaki hawa ni wake, na kwamba mtoni hajaona mawe ya hivi, wala kabla ya juzi hakujua kuyatafuta.

Nilidhani imekwisha. Hedimani si mjinga. Alisimama, akasema vizuri, wa bwawani. Basi Njeru aliwaiba bwawani na kuwafukia kwa ajili ya wenzake. Neno moja tu hawezi kulimeza, kwamba msichana wa hapa, aliyezaliwa na mama anayemjua, ale kitu kile. Akageukia wanawake nje ya uzio, akawauliza kama wao wanalimeza. Wakatema mate.

Bwana Samaki alikuwa amekuja na kikapu. Alidhani tutarudia mtihani wa juzi. Nikakifungua, nikachukua kichwa kimoja. Homugadi walikuwa na moto wao wa kuchemshia uji. Nikaenda nikakiweka juu ya makaa. Hakuna aliyenizuia, nafikiri hawakujua ninafanya nini. Nilikigeuza kwa kijiti. Ngozi ikapasuka, mafuta yakadondoka, harufu ikafika kwenye uzio na wanawake wakarudi nyuma.

Nikakila.

Nilikila kama ninavyokila siku zote, sikuharakisha. Mashavu kwanza. Halafu nyama ya nyuma ya shingo. Halafu jicho, na ile punje ngumu nyeupe iliyomo nikaitema. Homugadi aliyesema najua kutunga alikwenda nyuma ya lori na nikamsikia anatapika. Nikapasua fuvu kwa meno, nikatoa mawe mawili kwa ulimi, nikayaweka mezani mbele ya Hedimani.

"Maziwa," nikasema. "Huyu simjui kwao."

D.O. alicheka. Hedimani hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyerudi na sura ya mtu mwingine. Kisha akasema kwa Kiembu, polepole, kwamba sasa anaamini, na afadhali angebaki bila kuamini.

Walimfungua Njeru.

Wale wengine walipanda lori. Hakuna jiwe la mtu yeyote lililowafaa wao. Nililitazama lori likienda.


Jumapili, 22 Mei

Njeru anaona kwa jicho moja. Anacheka kwa upande usiouma. Amesema alikuwa karibu kwenda kambini kwa sababu ya uroho wa msichana mdogo, na kwamba nikae mbali naye kidogo, ninanuka bwawa. Halafu akanipa nusu ya kiazi chake. Kwa mkono wake, nikakichukua kwa mkono wangu. Anajua nimeelewa kwamba hanioni najisi.

Mama amepika, ameniwekea chakula kwenye jani la kutupwa, si kwenye kibuyu.

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi. Watoto wananiita Kenge. Jana niliinamisha kichwa. Leo niliitika. Mmoja aliniita nikamjibu, "Naam, unasemaje?" Akakimbia.

Sitaomba msamaha kwa kula. Ningeomba kwa ajili ya jicho la Njeru, na nimeshamwomba. Ni mambo mawili tofauti, na nitayaweka mbali mbali kama mawe.


Jumamosi, 28 Mei

Mzee Athmani amerudi. Ameniletea tende kwenye karatasi. Habari ilikuwa imemfikia Meru, sokoni, ikiwa imekua: kwamba nilikula samaki mzima akiwa hai. Alikaa kwenye kibao chake akashika kichwa. Akasema angekuwepo angesema yeye. Nikamwambia ninajua. Bwana amemkaripia kidogo, halafu amesema vichwa vya Jumamosi ni vya Wawira. Amenipa pasi yenye sahihi ya kuvibebea.

Sikuvila jikoni. Nilivipeleka nyumbani mchana, mikononi, bila kuvifunika.

Mama alikuwa anapeta maharagwe. Aliona. Akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo, kipya, kile alichokinunua msimu uliopita na hajakitumia. Akakiweka chini nje ya mlango, mbali na mafiga yake.

"Hiki ni chako. Kisiingie ndani na kisiguse vyangu."

Akaendelea kupeta.

Nikapanga mawe matatu ya jikoni palepale nje. Nikachota maji. Nikachemsha vichwa kwa chumvi na kitunguu alichonipa Mzee Athmani, nikala, Njeru akakaa upande wa upepo akininolea kisu. Nikatoa mawe ya masikioni, nikayaosha, nikayaanika juu ya jani. Nikaosha chungu. Nikakifunika na kukiacha pale Mama alipokiweka.